UBETI ULIOPOTEA: JARIDA HUPANGWAJE?

Kila mwaka jarida hili la Chama cha Kiswahili likitoka, sisi hulipokea kwa vifijo. Mmoja hukimbilia ukurasa wa vichekesho, mwingine hutafuta picha yake ya siku ya michezo, na mwingine husoma jina lake tu kisha akalifunga! Ni wachache wanaojiuliza: Je, ukurasa huu ulifikaje kuwa hivi ulivyo? Nani aliamua shairi likae hapa na picha ikae pale?

Nami ni mmoja wa walioamua. Kwa miaka miwili nimekuwa katika kamati ya uhariri, kazi yangu ikiwa ni kupanga kurasa. Nimeona niieleze kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni taaluma halisi ambayo baadhi yetu tunaweza kuisomea chuoni baada ya Kidato cha Nne. Pili, nina deni. Katika toleo lililopita niliupoteza ubeti mzima wa mwenzetu, na wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Mambo yalikuwa hivi. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili alituletea shairi la tarbia lenye beti saba. Alikuwa ameliandika kwa kalamu katika karatasi za daftari, vina sawa, mizani sawasawa. Ubeti wa saba ulikuwa wa tamati, na humo alikuwa amejitaja jina kama wafanyavyo washairi wengi. Jarida lilipotoka, shairi liliishia ubeti wa sita. Jina lake hatukuliandika juu, kwa kuwa tulijua limo ndani. Basi shairi likatoka halina mwisho wala mwenyewe. Bwenini wengine wakaanza kusema ati limenakiliwa kitabuni! Tangu siku hiyo mwenzetu huyo hakuleta kazi nyingine.

Je, ubeti ulipoteaje? Ili tuelewe, hebu tulifuate jarida tangu mwanzo.

HESABU YA NNE

Watu wengi hudhani kwamba jarida ni rundo la kurasa, na kwamba ukiwa na habari nyingi unaongeza ukurasa mmoja, mambo yanaisha. La hasha! Jarida kama letu hutengenezwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa katikati na kupigwa pini mgongoni. Chukua karatasi moja, ikunje mara moja, kisha uhesabu: utapata kurasa nne, mbili mbele na mbili nyuma. Kwa hiyo kurasa za jarida la aina hii ni lazima zigawanyike kwa nne: 16, 20, 24, 28. Hakuna jarida la pini lenye kurasa 25.

Jarida letu lina kurasa 24 za ukubwa wa A4, yaani milimita 210 kwa 297. Kwa hiyo ni karatasi sita za A3 zilizokunjwa na kuingizwa moja ndani ya nyingine. Sasa angalia maajabu. Karatasi ya nje kabisa upande mmoja ina ukurasa wa 24 na wa 1. Upande wa pili ina wa 2 na wa 23. Karatasi inayofuata ina wa 22 na wa 3, kisha wa 4 na wa 21. Jumlisha namba za kurasa zilizo upande mmoja wa karatasi: kila mara utapata 25! Kwa jarida la kurasa 32 utapata 33. Kanuni ni idadi ya kurasa ukijumlisha moja. Anayesema hesabu haina kazi katika Kiswahili na aje aketi nasi siku ya kupanga.

Hesabu hii inaamua mengi. Ukilipia rangi kwa ajili ya jalada la mbele, ukurasa wa 24 nao uko upande ule ule wa karatasi, kwa hiyo unaweza kuupa rangi katika mkupuo ule ule. Tena, kurasa za 12 na 13 ndizo pekee zinazotazamana zikiwa katika karatasi moja. Picha ya darasa zima ikiwekwa hapo haikatiki mahali pa mkunjo, ila ujihadhari pini isitoboe uso wa mtu!

Kwa upande mwingine, hesabu hii ni katili. Mwaka ule tulikuwa na habari za kurasa 25. Kwenda 28 kungehitaji karatasi nyingine na pesa ambazo chama hakikuwa nazo. Ikabidi tubane. Hapo ndipo mimi nilipochukua shairi la mwenzetu nikalitia katika ukurasa wa safu tatu.

SAFU NA PAMBIZO

Kabla ya kuweka neno lolote, msanifu huchora mistari isiyochapishwa. Mistari hiyo huonyesha pambizo, yaani nafasi tupu kandokando, na safu ambazo maandishi yatasimama ndani yake. Safu si jambo la jana. Biblia aliyoichapisha Johannes Gutenberg huko Mainz, Ujerumani, mnamo mwaka wa 1455 hivi, ilipangwa kwa safu mbili, na kurasa zake nyingi zina mistari 42 katika kila safu. Kwa nini safu? Kwa sababu jicho huchoka. Mstari ukiwa mrefu mno, ukifika mwisho jicho hupotea likitafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Ukiwa mfupi mno, jicho hurukaruka kama panzi.

Tufanye hesabu ya ukurasa wetu. Upana ni milimita 210. Toa pambizo ya nje milimita 15 na ya ndani milimita 20, kwa kuwa upande wa ndani humezwa na mkunjo. Zinabaki 175. Ukitaka safu tatu, utatoa tena nafasi mbili za milimita 5 kati ya safu, na kila safu itapata milimita 55. Kwa herufi za kawaida za ukubwa wa pointi 10, safu hiyo hubeba herufi kama 30. Ukitaka safu mbili, kila moja itapata milimita 85, nayo hubeba herufi kama 45.

Kwa habari za michezo au matangazo, safu tatu hazina neno. Lakini shairi je? Tarbia ya kawaida ina mizani 16 katika kila mshororo, nane katika ukwapi na nane katika utao. Nimetunga mshororo mmoja wa mfano:

Kalamu yangu shikeni, muandike ya busara

Hesabu herufi zake pamoja na nafasi: ni 40. Katika safu ya milimita 85 utatoshea vizuri. Katika safu ya milimita 55 utatoka hivi:

Kalamu yangu shikeni, muandike
ya busara

Umeona? Kina cha kati hakisimami tena chini ya kina cha kati. Utao umekatwa shingo. Msomaji anayehesabu mishororo anapata minane badala ya minne, na asiyejua atasema mshairi hajui kutunga. Kumbe mshairi hana kosa, kosa ni la aliyechora safu.

Kisha tazama madhara ya pili. Ubeti wa mistari minne umekuwa wa mistari minane. Beti saba zilizohitaji mistari 28 sasa zinahitaji 56, mbali na nafasi za kati ya beti. Kisanduku nilichokuwa nimekichora hakikutosha. Programu za kupangia kurasa hazimwagi maandishi yaliyozidi nje ya kisanduku; huyaficha, na kukuonyesha alama ndogo tu pembeni kwamba kuna maneno hayajaonekana. Ilikuwa usiku, masomo ya jioni yamekwisha, na mlinzi alikuwa akigonga mlango wa maabara ya kompyuta ati tutoke. Alama ile sikuiona. Ubeti wa saba ukalala humo ndani ya kompyuta, mzima, bila kosa hata moja, ila hakuna aliyeusoma.

HERUFI NA NAFASI TUPU

Waalimu wetu wa zamani hutusimulia habari za stensili na mashine ya kuzungusha kwa mkono. Katika majarida makubwa, wapangaji walikata vipande vya maandishi kwa makasi na kuvibandika kwa gundi. Mwaka wa 1985 programu ya PageMaker ilitokea, ikitumiwa pamoja na kompyuta ya Macintosh na printa yake, na kazi ya chumba kizima ikaweza kufanywa mezani na mtu mmoja. Siku hizi kuna hata Scribus, programu ya bure ambayo shule yoyote yenye kompyuta inaweza kuitumia.

Urahisi huu umeleta ugonjwa wake. Kwa kuwa kompyuta ina aina mia za herufi, mpangaji chipukizi huzitumia zote! Ukurasa mmoja una herufi za mwali, herufi za mzimu na herufi za harusi. Dawa ni hii: chagua aina moja kwa maandishi na nyingine moja kwa vichwa, kisha utofautishe kwa ukubwa na uzito. Maandishi ya kawaida yakae kati ya pointi 9 na 11. Kichwa kikuu kiwe kikubwa dhahiri, si kikubwa kidogo, ili msomaji ajue pa kuanzia.

Ugonjwa wa pili ni kuogopa nafasi tupu. Tukiona pengo tunalijaza ua, au katuni, au methali. Alexey Brodovitch, aliyekuwa msanifu mkuu wa jarida la Harper's Bazaar huko New York kuanzia 1934 hadi 1958, alisifika kwa kuacha nafasi kubwa nyeupe na kuzipanga kurasa mbili zinazotazamana kama picha moja. Nafasi tupu ni kama kituo katika usomaji: ndiyo inayompa msomaji pumzi. Washairi wanalijua hilo, kwa kuwa kati ya ubeti na ubeti wao huacha mstari.

PICHA

Hapa nitasema kwa ufupi. Picha inayopendeza kwenye simu yaweza kuchapishwa ikawa ukungu mtupu. Kiwanda cha uchapaji huhitaji nukta 300 katika kila inchi. Picha yenye upana wa nukta 1200 basi itatoka safi kwa inchi 4 tu, yaani sentimita 10 hivi. Ukiivuta ijae ukurasa, sura za watu zitakuwa kama uji. Nasi tukumbuke kwamba picha iliyopita kwa WhatsApp mara nyingi imekwisha kupunguzwa. Mpelekee msanifu ile ya asili. Kila picha iwe na maelezo chini yake na majina yasomeke kwa mpangilio wa walivyosimama. Baada ya miaka 20, majina hayo ndiyo yatakayotafutwa.

PRUFU: MLANGO WA MWISHO

Kabla ya kuchapa nakala zote, mpiga chapa hutoa nakala moja ya kukaguliwa, iitwayo prufu. Hapa ndipo kamati nyingi hukosea, nasi tulikosea. Sisi tulisoma prufu kutafuta makosa ya tahajia, na tukayapata manne. Lakini tahajia ya ubeti usiokuwepo haina kosa! Macho yetu yalitazama yaliyopo, hakuna aliyeuliza nini hakipo.

Njia sahihi ni ya watu wawili. Mmoja ashike prufu na mwingine ashike karatasi ya mwandishi mwenyewe. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole. Wahesabu beti, wahesabu aya, wasome mstari wa mwisho wa kila kazi, na wahakikishe jina la mwandishi lipo, hata kama limetajwa ndani ya shairi. Kazi hiyo kwa jarida la kurasa 24 ilituchukua alasiri mbili mwaka huu. Haraka haraka haina baraka.

TAMATI

Wenzangu, nimejifunza kwamba kupanga kurasa si kulipamba jarida. Mwandishi hawezi kusimama kando ya kila msomaji amweleze alichokusudia. Ukurasa ndio unaomwakilisha, na anayeupanga amekabidhiwa sauti ya mtu. Ikipotea, lawama humwangukia mwandishi, wala si yeye.

Nilimwendea mwenzetu nikamwomba radhi. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Ile karatasi yangu mnayo bado?" Nilikuwa nayo. Shairi lake limo katika toleo hili, beti zote saba, katika safu moja pana, na jina lake liko juu na ndani. Ili kulipatia nafasi hiyo ilibidi makala moja ipunguzwe. Ni hii yangu.

Nawaachia watakaoshika kamati baada yetu ombi moja: karatasi za waandishi msizitupe hadi jarida liwe limefika mikononi mwa wasomaji.