Kupima Ubora wa Matunzo ya Nyumbani: Mwongozo kwa Wanaohudumiwa na Jamaa Zao

Matunzo ya nyumbani ni huduma anayopewa mtu mzima katika makazi yake mwenyewe kwa sababu ya uzee, ulemavu au maradhi. Huduma hiyo hujumuisha kuogeshwa, kuvishwa, kulishwa, kusaidiwa kwenda msalani na kupewa dawa kwa wakati. Tofauti na hospitali au makao ya wazee, kazi hii hutendeka faraghani: hakuna msimamizi anayepita wodini, wala mgonjwa wa kitanda cha jirani anayeshuhudia. Kwa hiyo ukaguzi wa serikali, hata ukifanywa kwa uangalifu, huona sehemu tu ya mambo. Sehemu iliyobaki huonwa na anayehudumiwa na watu wake wa karibu. Sura hii inaeleza jinsi ukaguzi unavyofanywa nchini England, namna ya kuisoma ripoti yake, na mambo ambayo msomaji anapaswa kuyachunguza mwenyewe.

Nani hukagua

Nchini England, jukumu hili ni la Care Quality Commission, yaani Tume ya Ubora wa Matunzo, ifahamikayo kwa herufi CQC. Tume hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2009. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina vyombo vyake vya ukaguzi.

Shirika lolote linalotoa matunzo ya mwili, kama vile kumwogesha au kumlisha mtu nyumbani kwake, ni lazima lisajiliwe na CQC. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa la jinai. Hata hivyo, ipo mipaka ambayo watu wengi hawaifahamu. Shirika linalofanya usafi na ununuzi pekee halimo katika usajili huo. Vilevile, mhudumu binafsi uliyemwajiri wewe mwenyewe, anayefanya kazi chini ya maelekezo yako, hakaguliwi na CQC. Ukichagua njia hiyo, wajibu wa kuhakiki sifa zake ni wako.

Maswali matano ya wakaguzi

Wakaguzi hupima kila shirika kwa maswali matano: Je, huduma ni salama? Je, inaleta matokeo yanayotarajiwa? Je, inatolewa kwa utu na huruma? Je, inazingatia mahitaji ya kila mtu? Je, uongozi wake ni thabiti?

Swali la nne lina uzito wa pekee kwa familia zinazozungumza Kiswahili. Mama aliyeishi England miaka mingi anaweza, akipatwa na maradhi ya kusahau, kupoteza Kiingereza na kubaki na lugha ya utotoni. Mzee anaweza kuhitaji chakula halali, kupata muda wa sala, au kuogeshwa na mtu wa jinsia yake. Mambo hayo si hisani ya kuombwa kwa unyenyekevu. Sheria inalitaka shirika litoe matunzo yanayomfaa mhusika na kulinda heshima yake, na wakaguzi huliuliza jinsi linavyotimiza wajibu huo.

Wakaguzi husoma kumbukumbu za ofisini, huzungumza na meneja na wafanyakazi, na huwapigia simu wanaohudumiwa na jamaa zao. Wanaweza pia kumtembelea mtu nyumbani, lakini kwa ridhaa yake tu. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, zungumza kwa uwazi. Ikiwa unahitaji mkalimani, sema mapema, na mkalimani huyo asiwe mhudumu wala mtumishi wa shirika linalokaguliwa.

Namna ya kusoma ripoti

Baada ya ukaguzi, shirika hupewa mojawapo ya madaraja manne: bora kabisa, nzuri, inahitaji kuboreshwa, au haitoshelezi. Tangu Aprili 2015, mashirika yamelazimika kisheria kuonyesha daraja lao ofisini na kwenye tovuti yao. Ripoti kamili husomwa bila malipo katika tovuti ya CQC. Unapoisoma, zingatia mambo matatu.

Kwanza, tazama tarehe. Mapitio ya utendaji wa CQC yaliyotolewa mwaka 2024 yalibaini kwamba takriban kituo kimoja kati ya kila vitano vilivyo chini ya mamlaka yake hakikuwa kimewahi kupewa daraja, na kwamba baadhi ya madaraja yalikuwa ya miaka mingi iliyopita. Daraja zuri la zamani linaeleza hali ya siku ile. Huenda meneja na wahudumu wa wakati huo hawapo tena. Vivyo hivyo, shirika lisilo na daraja si lazima liwe baya, ila linahitaji maswali zaidi kutoka kwako.

Pili, usiishie kwenye daraja la jumla. Shirika linaweza kupata daraja zuri kwa jumla huku swali la usalama likiwa na kasoro. Soma sehemu ya usalama na ya uongozi kwa makini, kwa kuwa uongozi ukilegea, mengine hufuata.

Tatu, linganisha na ripoti iliyotangulia. Kasoro iliyotajwa mara mbili mfululizo ina uzito kuliko kasoro mpya.

Kabla ya kutia saini

Mwulize meneja maswali haya, na uandike majibu yake:

- Je, wahudumu wote wamechunguzwa kumbukumbu za jinai, na wamepata mafunzo ya kumnyanyua mtu na kutoa dawa?
- Ni wahudumu wangapi tofauti watakaoingia nyumbani kwa juma moja?
- Mhudumu akiugua au akichelewa, nani atatuarifu, na nani atakuja badala yake?
- Muda wa safari kutoka nyumba moja hadi nyingine umetengwa, au unakatwa kwenye muda wetu?
- Kila ziara itachukua dakika ngapi?

Swali la mwisho lisipuuzwe. Mwongozo wa kitaifa wa taasisi ya NICE, uliotolewa mwaka 2015, unaelekeza kwamba ziara za chini ya nusu saa zitumike kwa masharti maalumu tu, kwa mfano pale mhudumu anayefahamika anapokuja kuhakikisha kwamba dawa imemezwa. Kumwamsha mtu, kumwogesha, kumvisha na kumlisha katika dakika kumi na tano hakuwezekani bila kumharakisha au kuacha jambo.

Baada ya huduma kuanza

Kila anayehudumiwa anapaswa kuwa na mpango wa matunzo ulioandikwa, nawe una haki ya kushiriki kuuandaa. Mpango huo ndio kipimo chako. Linganisha yaliyoandikwa na yanayotendeka, hasa katika mambo haya:

*Muda.* Andika saa ya kuingia na ya kutoka ya kila mhudumu kwa majuma mawili. Kumbukumbu fupi yenye tarehe ina nguvu kuliko lalamiko la jumla kwamba wahudumu huchelewa.

*Dawa.* Kila dozi inayotolewa na mhudumu inapaswa kurekodiwa. Hesabu vidonge vilivyobaki na ulinganishe na rekodi.

*Chakula na maji.* Sahani iliyorudi kabatini bila kuguswa na nguo zilizoanza kulegea mwilini ni ishara za kufuatiliwa.

*Ngozi.* Kwa mtu anayelala au kukaa muda mrefu, vidonda vya malazi huanza kama doa lisilobadilika rangi likibonyezwa. Kwa ngozi nyeupe doa hilo huwa jekundu. Kwa ngozi nyeusi au ya kahawia huwa la zambarau au samawati, na ni rahisi kupuuzwa na mhudumu asiyefundishwa. Kagua nyonga, visigino na sehemu ya chini ya mgongo, na uwasiliane na muuguzi au daktari mapema.

*Hali ya moyo.* Mtu anayenyamaza ghafla mhudumu fulani anapoingia anasema jambo, hata kama hakutamka neno.

Kasoro ikionekana

Wengi hunyamaza kwa kumwonea haya mhudumu mpole, au kwa hofu ya kukatiwa huduma. Ni vyema kutenganisha mambo mawili. Mhudumu anaweza kuwa mwema na bado akapangiwa ziara nyingi kuliko saa alizonazo. Lalamiko lako linaelekezwa kwa mpango huo, wala si kwa utu wake. Nako kunyamaza hakumlindi mtu yeyote: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Anza kwa kumwandikia meneja wa shirika, na uhifadhi nakala. Ikiwa huduma imepangwa na halmashauri ya eneo lako, unaweza kuilalamikia halmashauri yenyewe, kwa maana inabaki na dhamana ya huduma iliyoiagiza. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa katika muda wa kuridhisha, ambao kwa kawaida hauzidi majuma kumi na mawili, peleka shauri kwa Local Government and Social Care Ombudsman, ofisi huru inayochunguza malalamiko ya namna hii bila malipo (0300 061 0614). Hupokea pia malalamiko ya wanaojilipia wenyewe. Kwa kawaida lalamiko lifikishwe huko ndani ya miezi 12 tangu ulipolifahamu tatizo.

CQC haiamui malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Hata hivyo, iarifu (03000 616161), kwa sababu taarifa za wananchi huisaidia kuamua shirika gani likaguliwe mapema. Tume hiyo ina uwezo wa kutoa onyo, kuweka masharti, kufuta usajili na kushtaki.

Ukishuku kwamba mtu anapigwa, anaibiwa au anatelekezwa, usisubiri mlolongo huo. Iarifu idara ya ulinzi wa watu wazima ya halmashauri, ambayo Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 inailazimisha kuchunguza. Na pakiwa na hatari ya papo hapo, piga 999.

Mkaguzi anaweza kupita mara moja katika miaka kadhaa. Mhudumu huingia nyumbani kila siku. Weka daftari karibu na kitanda, andika unayoyaona, na ulitumie kila unapokutana na meneja, halmashauri au mkaguzi.