Zamu ya Usiku na Jina Lake

Kilatini hakikupungukiwa na maneno ya ulinzi. Kilikuwa na custos, mlinzi; vigil, mwenye kukesha; na excubiae, lindo la usiku. Hata hivyo Wakatalani wa kale walimwita mlinzi wa usiku guaita, na Waitalia hadi leo husema guardia. Maneno yote mawili yana asili katika jamii ya lugha za Kijerumani: la kwanza limetokana na wahta, zamu ya kukesha. Wengi hueleza kwamba mshindi wa vita alimlazimisha aliyeshindwa kusema kama yeye. Lakini Wagothi, Walombardi na Wafranki walitawala wakiwa wachache, na mwishowe lugha zao zikamezwa na lugha za raia wao. Kwa maoni yangu, neno lilidumu kwa sababu zamu yenyewe ilikuwa imegeuka deni ambalo mkazi alimlipa mtawala.

Hati ya mwaka 815 yaonyesha hivyo. Kaizari Louis, mwana wa Charlemagne, aliwapokea wakimbizi kutoka Hispania, akawapa hifadhi mpakani, kisha akawadai upelelezi na lindo. Mwandishi wake alitaja excubiae, lakini akaona ni lazima aongeze kwamba watu huziita wactas. Huko Bevagna, katikati ya Italia, mitaa minne ya mji wa kale bado huitwa gaite, umbo la Kiitalia la neno hilohilo la zamu. Jina la zamu haliwi jina la mtaa isipokuwa wakazi walipangiwa zamu mtaa kwa mtaa.

Yupo atakayesema kwamba hili ni neno moja tu la Wafranki lililosambaa. Matamshi yanakataa. Kundi la sauti ht lilipoingia Italia kwa vinywa vya Walombardi liligeuka tt, kama Kilatini noctem kilivyozaa notte: wahtari, mlinzi, akawa guattero, baadaye sguattero. Guaita ya Kiitalia, yenye it, inaelekea ilipitia kusini mwa Ufaransa. Mzizi mmoja, basi, uliingia Italia kwa njia mbili. Cha kusikitisha ni cheo cha huyo sguattero, ambaye leo ni mwosha vyombo jikoni.

Pingamizi zito zaidi ni talaia, jina la Kikatalani la mnara wa ulinzi, lililotoka katika neno la Kiarabu la askari watangulizi. Lakini Waarabu nao walitawala na kupanga ulinzi katika nchi ya Wakatalani, wala hawakuwa Wajerumani. Neno lao linathibitisha kwamba aliyepanga zamu ndiye aliyeipa jina.