Tumefika mjini, mvua nayo imeanza

Familia nyingi za vijijini zikija Singida mjini kwa matibabu au sherehe ya kanisani, watoto huomba jambo moja: kwenda kuona ziwa. Lakini kati ya Novemba na Aprili mvua huweza kutukuta njiani. Je, tuache matembezi? Hapana. Matembezi huujenga mwili na kuiburudisha akili. Inatupasa tu kujua hatari iko wapi.

Mvua yenyewe haileti malaria. Malaria huenezwa na mbu. Lakini nguo zilizolowa, zikipigwa na upepo wetu wa Singida, hupunguza joto la mwili upesi, hasa kwa mtoto mchanga. Basi, pamoja na mwavuli, tubebe nguo kavu za watoto.

Hatari kubwa ni radi. Uzuri wa mji wetu ni maziwa ya Singidani na Kindai, pamoja na majabali yake makubwa. Hata hivyo, ufukweni na juu ya majabali ndipo mahali pabaya pa kukutwa na radi. Tukisikia ngurumo, tuondoke mara moja. Tusijikinge chini ya mti wala kando ya jabali. Tuingie ndani ya jengo imara, au ndani ya gari lililofungwa, tukae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mtu akipigwa na radi, tusiogope kumgusa, kwa maana mwili wake haubaki na umeme. Asipopumua, anayejua huduma ya kwanza aanze kumkandamiza kifua, huku wengine wakitafuta gari la kumpeleka hospitali.

Tusivuke makorongo yaliyojaa. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya magotini tu, huweza kumwangusha mtu mzima.

Muda wa kungoja nao usipotee bure. Kukiwa na ngurumo, tunaweza kuingia Kanisa Kuu, tukasali na kuwaonyesha watoto jengo lenyewe. Yakibaki manyunyu tu, twende sokoni wakaone mafuta ya alizeti, zao linaloupa mkoa wetu sifa.

Mvua ikikatika kabisa, turudi ziwani. Huenda tukawakuta heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wakitafuta chakula. Watoto watazame, ila wasinywe maji yale, kwani ni ya chumvi.

Tutembee, tufurahi, na wote turudi nyumbani salama.