Breki "Zilizofeli": Kitenzi Kimoja, Hitilafu Nyingi

Ajali inapotokea kwenye mteremko wa Salgaa au Mai Mahiu, aghalabu habari hutufikia kwa sentensi moja: breki zilifeli. Kitenzi hiki hubebeshwa hitilafu zisizofanana hata kidogo, nasi wanafunzi wa lugha twakipokea bila kukihoji. Makala haya yanadhamiria kuzipambanua hitilafu hizo katika breki za haidroliki za gari dogo. (Malori makubwa hutumia breki za upepo, na hayo yanahitaji makala yake.)

Msingi wa mfumo huu ni kwamba kiowevu hakibanwi kwa urahisi. Mfaransa Blaise Pascal alibainisha katika karne ya 17 kwamba shinikizo linalotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Dereva akanyagapo pedali, pistoni ya pampu kuu, ambayo mafundi wetu huiita masta silinda, husukuma oili ya breki mabombani hadi magurudumuni. Iwapo pistoni ya pampu ina eneo la sentimita 2 za mraba na ile ya gurudumu 8, kani huzidishwa mara 4, ila pistoni ya gurudumu husogea robo tu ya mwendo. Kwa hivyo upungufu mdogo wa oili huila sehemu kubwa ya mwendo wa pedali.

Mguu ndio kipimo cha kwanza. Pedali iliyo laini kama sponji, nayo hupanda ukiikanyaga mara kadhaa, huashiria hewa mabombani, kwani hewa hubanika. Dawa ni kutoa upepo: mmoja hukanyaga na kushikilia, mwenzake hufungua nipo ya gurudumu na kuifunga kabla ya mguu kuinuliwa. Wakikosea mfuatano huo, hewa hufyonzwa tena.

Pedali inayozama polepole chini ya mguu uliotulia ni jambo jingine kabisa. Kagua kwanza mabomba na magurudumu. Ikiwa hapavuji popote na oili haipungui koponi, shuku raba za pistoni ndani ya pampu: oili yapenya kandokando yazo na kurudi nyuma. Nimewahi kulipia kutolewa upepo mara mbili kwa sababu nilimwambia fundi pedali "ni laini" ilhali ilikuwa "inazama". Raba zilizochakaa zilisalia mlemle, nami nikarudi barabarani.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, tazama busta, ambayo husaidia mguu kwa nguvu ya ombwe litokalo kwenye injini. Zima injini, kanyaga mara kadhaa, shikilia, kisha washa. Pedali isiposhuka kidogo, msaada huo haupo.

Lililo baya zaidi ni joto. Oili ya breki hunyonya unyevu. Kwa kiwango cha DOT 3, oili mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 140. Dereva anayekanyaga breki mteremko mzima badala ya kuteremka kwa gia nzito huweza kuichemsha, na mvuke hubanika kama hewa. Breki zikishapoa, mvuke hugeuka kuwa oili tena na pedali huwa imara. Anayeikanyaga siku ya pili huenda asione kasoro yoyote.