Mzee anapoamkia kazi aliyokwisha kustaafu

Pengine, msomaji, unamjua mzee wa aina hii. Alifanya kazi katika uwanja wa ndege wa Mombasa tangu enzi za jina la Port Reitz, akastaafu, akajenga papo hapo mtaa wa Airport, Changamwe. Siku hizi ndege ya alfajiri ikinguruma juu ya mabati, yeye huvaa koti na kuaga kwamba anakwenda zamu. Wajukuu hucheka. Jirani hunong'ona kuwa amerogwa. Bintiye husema, "Baba amezeeka tu."

Uzee peke yake haufanyi hivyo. Huo ni ugonjwa wa ubongo uitwao dimenshia, na usidhani ni wa Wazungu pekee. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa, na ripoti ya mwaka 2013 ikakadiria kuwa karibu 6 katika kila 100 walikuwa nao.

La kushtua ni kwamba ubongo huanza kuharibika miaka mingi kabla mtu hajapotea njia. Picha za mashine ya MRI, itumiayo nguvu za sumaku wala si eksirei, huonyesha dalili hizo. Kuna kusinyaa kwa hipokampasi, sehemu ndogo inayotunza kumbukumbu mpya. Ndiyo sababu mzee hukumbuka zamu za mwaka 1975 na kusahau kama amekunywa chai. Kuna madoa meupe, ambayo mara nyingi ni kazi ya presha katika mishipa midogo. Na kuna makovu ya viharusi ambavyo mwenyewe hakuvihisi. Huko Rotterdam, Uholanzi, watu 1,015 wenye umri wa miaka 60 hadi 90 walipigwa picha mwaka 1995 na 1996. Mwaka 2003 ikaripotiwa kuwa wenye makovu hayo hatari yao ya dimenshia ilikuwa zaidi ya maradufu.

Sikwambii uuze mbuzi ili baba apigwe picha. MRI ni ghali, na si kila mwenye madoa huugua. Lakini presha hupimwa hata katika zahanati ya mtaani. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliripoti kuwa walioshushiwa presha hadi chini ya 120, badala ya 140, madoa yao yaliongezeka polepole zaidi. Kiasi kinachomfaa baba yako ataamua daktari.

Na mzee akivaa koti lake, usibishane naye wala usimfungie chumbani. Fuatana naye hadi barabarani, akusimulie zamu zake, kisha mrudi mnywe chai. Mfukoni mwa koti tia karatasi yenye nambari yako ya simu.