Pikapu ya Chama Inapolala Upande: Namna ya Kutafuta Chanzo

Pikapu ya chama cha msingi ni mali ya wanachama wote. Katika maeneo ya Bujora na Kisesa, kama kwingineko Usukumani, gari la namna hiyo hubeba mbegu, dawa ya pamba, magunia na mizani, tena katika njia zenye mawe na makorongo. Si ajabu basi upande mmoja ukaonekana chini kuliko mwingine. Linalosikitisha ni fedha za chama kununua vipuri ambavyo havikuhitajika, na gari likabaki limelala vilevile.

Kuhakikisha kwanza

Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma imeinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni. Gari likisimama ukingoni, hata likiwa jipya, litaelemea upande huo. Kwa hiyo pikapu ipimwe juu ya sakafu ya saruji ya ghala. Mzigo wote ushushwe, na upepo wa tairi uwe sawa na kipimo cha mtengenezaji. Dereva alisogeze gari mbele na nyuma mita chache, kisha kila pembe ibonyezwe mara mbili tatu ili springi zitulie.

Hapo utepe upimwe kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Kipimo hiki hakiathiriwi na tairi. Vipimo vinne viandikwe daftarini, kisha gari ligeuzwe mahali palepale na kupimwa tena. Upande ulio chini ukibadilika, kosa ni la sakafu. Tofauti ya milimita chache ni ya kawaida. Inayozidi sentimita 2 yafaa ichunguzwe.

Mbele au nyuma?

Chesisi ni kitu kimoja, hivyo springi mbovu ya nyuma huweza kuilaza hata pembe ya mbele. Ili kutofautisha, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, na jeki iwekwe katikati kabisa chini ya boriti ya mbele ya chesisi. Gari liinuliwe mpaka magurudumu ya mbele yaning'inie. Sasa springi za nyuma peke yake ndizo zinazoamua ulalo. Vipimo vya nyuma vikilingana, kosa liko mbele. Visipolingana, kosa liko nyuma. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Visababishi

Katika springi za bapa, fundi atazame bapa lililovunjika au kunyooka, bushi zilizokwisha, vishikizo vilivyoganda kwa kutu, na ufa pale springi inaposhikana na chesisi. Bolti ya katikati ikikatika, ekseli huweza kuhama; hivyo umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma upimwe pande zote mbili. Baadhi ya pikapu hubebwa mbele na fito za chuma zinazojisokota. Huko bolti ya kurekebishia huenda haikukazwa sawa. Springi zote zikiwa nzima, chesisi yenyewe huenda imepinda.

Shokomzoba za kawaida hazibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko. Kwa sababu hiyo kuzibadilisha hakuinui gari lililolala, ingawa ndiyo matengenezo yanayopendekezwa upesi.

Matengenezo

Springi zibadilishwe kwa jozi, kwani mpya na iliyochoka hazibebi sawa. Kuongeza bapa upande mmoja tu huficha ugonjwa. Kuikunja springi upya kwa moto bila utaalamu huondoa ugumu wa chuma, nayo hulegea tena au kuvunjika. Mzigo nao usambazwe sawasawa. Magunia yanayorundikwa kila siku upande mmoja yatachosha springi mpya kama yalivyochosha ile ya zamani.

Gari lililolala huchakaza tairi na huweza kuvuta upande linapofungwa breki, na hapo roho za waliomo zimo hatarini. Kila katibu anashauriwa kupima pikapu kabla ya msimu wa ununuzi na kuhifadhi vipimo hivyo katika daftari la gari. Kamati itakapoletewa hati ya madai ya gereji, itakuwa na kitu cha kulinganisha nayo kabla ya kuidhinisha malipo.