Msiukate Mwembe, Upeni Maji

Kaskazi hii, hapa mtaani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, baraza yetu imegawanyika. Mwembe tunaokaa chini yake umefanya weupe kama pamba kwenye vijiti, majani yana masizi, na ukikaa hapo kanzu inanata. Wengine wanataka ukatwe. Mimi nasema tujue kwanza unaumwa nini.

Weupe ule ni wadudu wadogo waitwao vidung'ata, ambao hufyonza maji ya mti. Wakishiba hutoa majimaji matamu yanayodondoka, na juu yake huota kuvu nyeusi. Hiyo ndiyo masizi tunayoyaona.

Mbona wakati wa joto? Mdudu hana joto lake mwenyewe, hutegemea la mahali alipo. Joto likizidi kiasi, hukua haraka na vizazi hufuatana upesi. Mjini joto ni kali kuliko shamba, kwa sababu lami na kuta hushika jua la mchana na kulitoa usiku. Kule Raleigh, Marekani, watafiti walihesabu wadudu wa aina ya vidugamba kwenye mialoni ya barabarani. Mwaka 2013 walichapisha kwamba sehemu zenye joto zaidi zilikuwa na wadudu hao mara 13 ya zile zenye ubaridi zaidi.

Ukame nao huongeza. Mti wenye kiu hukosa nguvu ya kujikinga, na mvua isiponyesha hakuna cha kuwakosha wadudu. Si kila mdudu anayefaidika, kwani viwavi hupata taabu majani yakiwa makavu na magumu. Lakini wafyonzaji wengi husitawi.

Basi tufanye nini? Tuvunje saruji iliyokaba shina, bila kujeruhi mizizi. Tumwagilie maji mengi polepole jioni, si kikombe kimoja kila siku. Vijiti vilivyojaa wadudu tuvikate. Tuwazuie chungu wasipande, maana huwalinda vidung'ata wapate ule utamu. Tusikimbilie dawa ya kupuliza, kwani huua pia nyigu wadogo wanaowaangamiza vidung'ata.

Tukiukata, jua litaipiga baraza na ukuta moja kwa moja, mtaa utazidi joto, na mkungu wa jirani ndio utakaofuata kuugua. Jioni ya leo mimi naanza na ndoo zangu mbili. Nani ataongeza?